Kuku aliyeng'atwa na kicheche: nani atibiwe, nani achinjwe?

WAFUGAJI wengi wa kuku wa kienyeji wanapoamka na kukuta manyoya yametapakaa bandani, kitu cha kwanza wanachokitafuta ni kisu. Waliokufa hutupwa, na walio hai lakini wamejeruhiwa huchinjwa haraka kabla roho haijatoka, ili angalau kitoweo kipatikane. Kwa Waislamu haraka hiyo ina sababu yake, kwa kuwa kuku aliyekufa bila kuchinjwa ni nyamafu. Lakini hata asiye na sababu hiyo hufanya hivyo kwa mazoea tu, akiamini kwamba kuku aliyeguswa na kicheche hana maisha tena.

Imani hiyo ina ukweli kidogo na hasara kubwa. Wapo kuku ambao ni kweli hawaponi, na kuwauguza ni kuwatesa. Lakini wapo wengi ambao majeraha yao ni ya ngozi tu, na ngozi ya kuku hupona haraka kuliko wengi wetu tunavyodhani. Anachokosa mfugaji si dawa ya gharama kubwa. Anachokosa ni namna ya kuwatenganisha hao wa kwanza na hao wa pili, usiku uleule, kwa mwanga wa tochi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya uamuzi huo, jinsi ya kumuuguza kuku nyumbani kwa vitu vilivyopo jikoni na katika duka la dawa za mifugo, na mwisho tutapiga hesabu kuona kama kazi hiyo inalipa.

Yaliyotokea Muheza

Miaka michache iliyopita nilikuwa nyumbani kwa mama yangu mzazi, wilayani Muheza mkoani Tanga, usiku ambao mnyama aliingia bandani. Banda lilikuwa la miti na udongo, na ndani walilala kuku 14. Saa 9 usiku tulisikia kelele. Tulipofika na tochi, mnyama alikuwa amekwishatoka kupitia tundu lililokuwa chini ya ukuta, upande wa nyuma. Hatukumwona, ila mama alisema ni kicheche. Huenda pia alikuwa kanu, kwa kuwa wote wawili huwinda usiku na wote wanaweza kuua kuku wengi kwa mara moja kuliko wanaoweza kula.

Kuku 4 walikuwa wamekufa, 5 wamejeruhiwa na 5 hawakuguswa. Miongoni mwa majeruhi alikuwamo koo mmoja aliyekuwa na vifaranga 9 wa siku 12.

"Mwanangu, lete kisu nami niwashe moto," mama alisema. "Hawa hawafiki asubuhi."

"Mama, tuwaangalie kwanza mmoja mmoja," nilimjibu. "Wa kuchinjwa tutamchinja."

Tulimchinja mmoja usiku uleule, tukawauguza wanne. Watatu walipona, akiwamo yule koo. Mmoja alikufa siku ya 4, na nitaeleza chini kwamba kosa lilikuwa langu.

Wagawe katika makundi matatu

Kabla ya kugusa dawa yoyote, mshike kuku mmoja mmoja, mfunike kichwa kwa kitambaa ili atulie, kisha mkague na umweke katika moja ya makundi haya.

Kundi la kwanza ni wale wa kuchinjwa mara moja. Hawa ni kuku ambao utumbo umetoka nje, mfupa wa paja au wa bawa umechomoza nje ya ngozi, au damu inatoka mdomoni huku wakipumua kwa kukoroma. Wamo pia wale ambao miguu yote miwili imelegea na hawaivuti hata ukiwaminya vidole, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba uti wa mgongo umeumia. Kuwaacha hawa hadi asubuhi ni kuwaongezea mateso bila faida kwa kuku wala kwa mwenye kuku.

Kundi la pili ni wenye majeraha makubwa lakini ya nje: ngozi ya mgongo imechanika na nyama inaonekana, kuna matundu ya meno, jicho limeumia, au gole, yaani kifuko cha chakula kilichopo chini ya shingo, limetoboka. Gole lililotoboka hutambulika kwa urahisi, kwani kuku akinywa maji huvuja kifuani. Huyo anahitaji kushonwa na mtaalamu wa mifugo. Kuku wa kundi hili hutibiwa ikiwa thamani yake inastahili kazi hiyo, kwa mfano koo mwenye vifaranga, kuku anayetaga vizuri, au jogoo wa mbegu.

Kundi la tatu ni wenye majeraha mepesi: manyoya ya mkia yameng'oka, michubuko, au kovu dogo la kucha. Hawa watibiwe wote, maana wengi wao hawahitaji zaidi ya usafi na utulivu.

Kwa kuku unayemchinja, kata na utupe nyama yote iliyozunguka sehemu iliyong'atwa, kisha pika hadi iive kabisa. Kuku uliyemkuta amekufa asiliwe hata kama bado ana joto.

Nusu saa ya kwanza

Kuku wengi waliojeruhiwa na mnyama hufa kwa mshtuko na kwa kupoteza damu, si kwa kidonda chenyewe. Kuku mwenye mshtuko husimama au kulala akiwa amefumba macho, mabawa yameshuka, na upanga wa kichwani umepauka. Hivyo kazi ya kwanza ni damu, ya pili ni joto na utulivu. Kuosha kidonda ni kazi ya tatu.

Kuku mwenye uzito wa kilo 1.5 ana damu ya mililita 100 hivi mwilini, yaani chini ya nusu ya glasi ya maji. Kwa hiyo damu inayoonekana kidogo machoni petu, kwake ni nyingi. Chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa dakika 5 hadi 10 bila kuachia wala kufunuafunua. Damu ikitoka kwenye kucha iliyovunjika, bandika unga wa sembe au wa mahindi ya dona na ukandamize. Unga usitiwe kwenye jeraha lenye kina.

Damu ikikoma, mweke katika boksi au tenga lenye nyasi kavu au maranda, mfunike kwa kanga, na umpeleke mahali penye giza na pasipo na kelele za watoto wala mbwa. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi, na aliyepata mshtuko hupoa haraka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa boksi, inatosha. Acha upande mwingine bila chupa ili aweze kusogea akisikia joto limezidi.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Kwa siku ya kwanza changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, kwani kuku huathirika nayo upesi. Chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji naye atameza mwenyewe. Usimmiminie maji kooni, kwa sababu mlango wa njia ya hewa ya kuku uko wazi nyuma tu ya ulimi na unaweza kumzamisha ukidhani unamsaidia. Kuanzia siku ya pili mpe maji ya kawaida.

Kuosha kidonda

Kuku akishatulia, baada ya nusu saa hadi saa moja, osha kidonda. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kisha tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa kila nusu lita. Maji hayo yana chumvi inayokaribiana na ile ya mwilini, hivyo husafisha bila kuunguza nyama. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano yake, au mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu dogo, ili maji yatoke kwa nguvu kiasi na kuondoa mchanga, mate ya mnyama na vipande vya manyoya.

Kata kwa mkasi manyoya yaliyozunguka kidonda, ila usiyang'oe. Kung'oa manyoya kwenye ngozi iliyochanika huongeza jeraha na maumivu.

Baada ya kuosha, paka iodini uliyoichanganya na maji hadi rangi yake ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Kisha, kama unayo asali safi, paka tabaka jembamba mara mbili kwa siku. Asali huvuta unyevu na kuzuia vijidudu kuzaliana, na huzuia kidonda kukauka na kupasuka.

Yapo mambo ambayo wafugaji wengi huyafanya kwa nia njema lakini yanaua. Usipake mafuta ya taa, oili chafu ya gari wala spiriti, kwa kuwa huunguza nyama mpya inayoota. Usishone wala kuziba matundu ya meno, kwa sababu usaha utabaki ndani. Dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo wengi tunaijua kwa jina la GV, nayo inatumika sana vijijini. Lakini katika Umoja wa Ulaya na Canada hairuhusiwi kwa wanyama wanaoliwa, kwa sababu ilihusishwa na saratani ilipojaribiwa kwa wanyama wa maabara. Iodini inafanya kazi hiyohiyo na inapatikana kirahisi.

Jambo jingine la kuangalia ni hewa. Kuku hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama binadamu. Anapumua kwa kupanua kifua chake chote, na ana vifuko vya hewa vinavyoenea hadi tumboni. Kwa hiyo ukiona mapovu yanatoka kidondani kila anapopumua, usimimine maji humo, bali futa pembeni tu kwa pamba. Na ukimfunga bandeji, isibane kifua, kwani kuku aliyebanwa kifua hukosa pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi.

Kosa lililoniua kuku

Sasa nirudi kwa yule kuku wa Muheza aliyekufa siku ya 4. Alikuwa tetea aliyechanika mgongoni, jeraha refu lililotisha kulitazama. Nililiosha vizuri, nikapaka iodini na asali, na siku ya pili alikula. Siku ya 3 aliacha kula na kusimama pembeni. Mama ndiye aliyesikia harufu. Tulipoinua bawa la kushoto tulikuta matundu mawili madogo ya meno, yameshafunga juu na ndani yake kumejaa usaha. Mimi nilishughulika na kidonda kikubwa kilichoonekana na sikuinua mabawa. Kesho yake alikufa.

Funzo ni kwamba kwa kuku jeraha linaloonekana si lazima ndilo linaloua. Manyoya huficha, na jino la mnyama huacha tundu dogo nje na uharibifu mkubwa ndani. Kila kuku akaguliwe mwili mzima kwa utaratibu: kichwa, shingo, kifua, makwapa yote mawili, mgongo, mapaja na chini ya mkia. Puliza manyoya ili yafunuke. Mahali ambapo manyoya yameshikana kwa mate au damu, hapo pana jambo. Rudia ukaguzi huo asubuhi, kwa kuwa usiku ni rahisi kukosea.

Siku zinazofuata

Majeruhi atengwe. Kuku huvutiwa na rangi nyekundu, na wakiona damu kwa mwenzao humdonoa hadi kumuua. Nzi nao ni adui wa pili. Mayai ya nzi huonekana kama chembe ndogo nyeupe kando ya kidonda, na funza wanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funika tenga kwa kipande cha wavu kisichopitisha nzi, badilisha nyasi kila siku, na kagua kidonda asubuhi na jioni. Ukikuta funza, watoe mmoja mmoja kwa kibanio, kisha osha tena kwa maji ya chumvi hadi uhakikishe wamekwisha.

Yule koo mwenye vifaranga alitupa kazi ya ziada, kwani watoto wake walipenda kumpanda mgongoni, mahali penye jeraha. Mama alikata kipande cha kitambaa safi cha pamba, akakishonea mikanda miwili inayopita chini ya mabawa, kikawa kama kijikoti kinachofunika mgongo tu. Koo aliendelea kulea vifaranga wake ndani ya tenga pana, na jeraha halikuguswa.

Baada ya saa chache za mwanzo mpe chakula laini kidogo kidogo: yai lililochemshwa na kusagwa, pumba iliyolowekwa, dagaa waliopondwa na majani mabichi. Mwili unaojenga nyama mpya unahitaji protini.

Wengi huogopa wanapoona ngozi ya kuku imegeuka kijani siku ya 2 hadi ya 4 na kudhani anaoza. Kwa kuku, vilio la damu hugeuka rangi ya kijani, na hilo ni jambo la kawaida. Kuoza kwa kweli huonekana kwa ngozi kuwa nyeusi na baridi, usaha, na harufu mbaya. Ukiona hayo, au kuku ameacha kula kwa zaidi ya siku moja, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata au uende duka la dawa za mifugo ukaeleze hali ilivyo.

Kuhusu dawa za antibiotiki, usifungue kapsuli za binadamu na kumwaga unga wake kidondani, wala usitoe sindano kwa kukisia. Zikihitajika, zitolewe kwa kipimo na kwa siku zote alizoelekeza mtaalamu. Muulize pia ni siku ngapi zinapaswa kupita kabla ya kula au kuuza nyama na mayai ya kuku huyo. Kuku aliyepewa dawa leo na kuchinjwa kesho anampelekea mlaji dawa hiyo mezani.

Jeraha dogo huweza kufunga kwa wiki moja au mbili, na la ngozi pana huweza kuchukua wiki 3 hadi 6. Manyoya yaliyong'oka huanza kuota tena mapema, lakini yaliyokatwa kwa mkasi husubiri hadi kuku atakapopukutisha manyoya. Kutaga huweza kusimama kwa wiki kadhaa, hivyo usikate tamaa na kumchinja kwa sababu hiyo.

Siku ya kumrudisha bandani, mweke kwanza siku mbili tatu mahali ambapo wenzake wanamwona bila kumfikia. Kisha mrudishe jioni kuku wakiwa wanalala.

Akiwa ni mbwa, jihadhari

Aliyejeruhi kuku akiwa ni mbwa, hasa mbwa asiyejulikana, anayetokwa mate au kushambulia ovyo, fikiria kichaa cha mbwa. Vaa glovu au mifuko ya nailoni mikononi unapomshika kuku mwenye mate ya mnyama huyo, na kuku huyo asiliwe. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa akimwokoa kuku aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauponi.

Hesabu inasemaje?

Tuchukulie mfano wa kuku 5 wa Muheza, na bei ya kuku mzima kijijini iwe Sh15,000. Msomaji aweke bei ya kwenu.

Njia ya kwanza ni kuwachinja wote. Familia italiwa na kuku mmoja, ambaye baada ya kutupa sehemu iliyochanika tumpe thamani ya Sh10,000. Wanne waliobaki hawawezi kusubiri kwa kuwa hakuna jokofu, hivyo watauzwa alfajiri kwa majirani kwa bei ya kutupa, tuseme Sh6,000 kila mmoja. Jumla ni Sh34,000.

Njia ya pili ni kumchinja mmoja aliyeumia vibaya, kitoweo cha Sh10,000, na kuwauguza wanne. Iodini, pamba, asali na sukari viwe Sh8,000. Mmoja anakufa, watatu wanapona na kubaki na thamani ya Sh45,000. Chakula cha hao watatu kwa wiki 3, kila mmoja gramu 100 kwa siku, ni kilo 6.3, na kwa Sh1,000 kwa kilo ni Sh6,300. Ukitoa gharama zote inabaki Sh40,700.

Tofauti ni Sh6,700 tu. Na kama wangekufa wawili badala ya mmoja, njia ya pili ingeshuka hadi Sh27,800, chini ya njia ya kwanza. Nalieleza hili wazi kwa sababu kuna wanaohubiri kwamba kila kuku atibiwe. Kwa mfugaji mdogo si kweli. Faida haiko kwenye dawa, iko kwenye kuchagua vizuri nani wa kutibu.

Sasa ongeza yule koo. Vifaranga 9 wa siku 12 wasio na mama huhitaji joto na ulinzi ambao kaya nyingi hazina, na wengi wangekufa kwa baridi au kuchukuliwa na mwewe na kunguru. Tukichukulia kwamba kwa kulelewa na mama yao watafika 5 hadi kuuzwa kwa Sh8,000, hiyo ni Sh40,000 ambayo ingepotea kwa kisu kimoja. Ongeza pia kwamba kuku wa kununua mnadani ili kujaza pengo anaweza kuingia na ugonjwa wa kideri, ambao humaliza banda zima. Kwa hiyo mbele ya majeruhi wengi na muda mchache, anza na koo mwenye vifaranga, kisha wanaotaga, kisha wengine.

Ziba tundu kabla ya jua kuzama

Mnyama aliyepata kuku leo atarudi kesho, na mara nyingi kupitia njia ileile. Kuwauguza kuku huku tundu likiwa wazi ni sawa na kumtunzia kicheche chakula chake. Sisi usiku uleule tuliwahamishia kuku wote stoo, na kesho yake kazi ya kwanza ilikuwa ukuta.

Kagua banda kwa kuzunguka nje na ndani. Tundu lolote linaloweza kupitisha ngumi ya mtoto mchanga lizibwe kwa mawe na udongo au saruji, si kwa gunia. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini mnyama mwenye meno huuchana. Madirisha yawekewe wavu mgumu wa matundu madogo. Chimbia mawe kuzunguka msingi ili mnyama asichimbe chini ya ukuta. Kwa anayejenga upya, banda lililoinuliwa kwa nguzo juu ya ardhi ni salama zaidi. Fyeka majani yaliyo karibu, mlango ufungwe kila magharibi, na vifaranga walindwe kwa tenga mchana.

Mwisho, weka nyumbani kikapu kimoja chenye chumvi, sukari, iodini, pamba, asali, mkasi, bomba la sindano, kitambaa safi na tochi yenye betri nzima. Saa 9 usiku maduka yamefungwa na mtaalamu wa mifugo amelala. Uamuzi wa nani atibiwe na nani achinjwe utabaki kwako, na utaufanya vizuri zaidi ukiwa na mwanga na vifaa mkononi kuliko ukiwa na kisu peke yake.